Sentimita ya Kumi na Nne

Bomba tulilizamisha mbele ya mdomo wa Kisat,
pale maji yanapogeuka rangi kama shati la fundi wa gereji.
Ragot alizima injini. Gugumaji likatusogelea.
Daktari Mmbone akanong'ona: polepole,
tope halipendi kushtuliwa.

Likatoka zima, urefu wa mkono wangu hadi begani:
juu jeusi, teketeke, kama uji uliolala,
chini kijivu, gumu, la kale,
la siku ambazo ngege hakuijua ladha ya petroli.

Kazi yangu ni kukata.
Kisu cha plastiki, kwa kuwa chuma hutia uongo kwenye vipimo.
Sentimita moja, mfuko mmoja, kalamu isiyofutika.
Sentimita moja, asema daktari, ni miaka miwili na nusu hivi.
Yeye huhesabu kwa miaka.
Mimi, Mungu anisamehe, nilihesabu kwa madarasa:
kumi na nne, darasa la pili;
kumi, kidato cha nne.
Elimu yangu yote haizidi sentimita tano za tope.

Matokeo yalirudi Jumanne.
Zinki ilikuwa na kawaida yake, shaba vilevile.
Risasi ndiyo iliyoinuka:
kuanzia kumi na nne mstari unapanda kama mtu aliyeitwa juu,
unafika, unakaa,
kisha kwenye tisa unaanza kushuka.
Tisa ni mwaka tuliomzika baba.

Baba yangu Obuya hakuwa mvuvi.
Alipasua betri za malori kwa nyundo, nyuma ya nyumba, Obunga,
akayeyusha mabamba yake kwenye sufuria ya harusi ya mama,
akamimina kwenye mchanga, zikatoka chubwi,
ndogo, nzito, zenye mng'aro wa jicho la samaki mbichi.
Wenye nyavu walizifuata kutoka Dunga, kutoka Usoma.
Tindikali aliimwaga mtaroni. Mtaro uliijua njia ya Kisat.
Jioni alihesabu noti kwa vidole vya kijivu:
hii ya karo, hii ya unga, hii ya viatu.
Vidole hivyo hivyo vilimega ugali
vikamtilia Odera mdomoni.

Odera, kitindamimba wetu,
aliyerudia darasa la tatu mara tatu.
Mwalimu alisema ana kichwa kigumu, akakitafuta kwa fimbo.
Shangazi alisema ni jicho la jirani.
Hakuna aliyesema risasi,
maana kwetu risasi ni kitu chenye mlio.
Lugha imetupa neno moja kwa wauaji wawili
nasi tukamwogopa yule mwenye kelele.

Daktari anasema siwezi kudai hivyo.
Kulikuwa na petroli ya zamani, karakana ya reli,
viwanda, rangi za mabati, mji mzima ukinawa ziwani.
Tope halitaji majina, anasema.
Ni kweli. Naandika ripoti: vyanzo mbalimbali.
Naiandika kwa Kiingereza
kilicholipiwa chubwi kwa chubwi.

Jana nilipita kwa Odera. Anasuka viti vya gugumaji,
mikono yake haikosei hata ukili mmoja.
Mlango wake unazuiwa na chubwi kubwa, ya mwisho,
iliyong'arishwa na nyayo za watoto wake.
Niliinama nikaiokota. Nzito kuliko inavyoonekana.
– Mmepata nini huko ziwani?
Tope, nikasema.
Akacheka: tope, na mnalipwa?
Nikaitia mkobani bila kumwomba.
Upepo ukausukuma mlango, ukajifunga,
na sisi wawili tukabaki gizani kidogo,
kila mmoja akingoja mwenzake aufungue.